Az-Zahrawi na maradhi yafichwayo kwa haya

Wapo ndugu zetu wanaoishi miaka na nasuri, yaani fistula ya njia ya haja kubwa, wakidhani ni bawasiri na wakiona haya kuitaja. Leo tunamkumbuka mwanachuoni aliyeyaandika maradhi haya waziwazi: Abul-Qasim Khalaf bin Abbas az-Zahrawi.

Nisba yake yatokana na Madinat az-Zahra, mji ulioanza kujengwa mwaka 936 karibu na Cordoba, Andalus, zama za Khalifa Abdurrahman wa Tatu. Alifariki takriban mwaka 1013. Kitabu chake, At-Tasrif, kina sehemu 30. Ya mwisho ni ya upasuaji, na humo alichora vyombo vya tabibu vipatavyo 200. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu hiyo kwa Kilatini, na matabibu wa Ulaya wakaitegemea kwa karne kadhaa.

Nasuri ina mlango wake humo. Alieleza kuwa kuna inayopenya hadi ndani na kuna inayoishia njiani. Akamfundisha tabibu kuipima kwanza kwa kijiti chembamba cha chuma, kisha ndipo achague kupasua, kuchoma kwa moto au kufunga kwa uzi. Iliyozama sana alionya isiguswe ovyo, kwani kisu cha pupa humzidishia mgonjwa madhara.

Elimu ya leo imebainisha asili yake. Mara nyingi tezi ndogo za njia hiyo huziba, jipu hutunga, nalo likipasuka huacha kijia kinachotoa usaha. Kifua kikuu na maradhi ya utumbo yaitwayo Crohn nayo huweza kuisababisha. Ni nadra kupona kwa vidonge au dawa za kupaka. Daktari hukipasua kijia hicho. Na kikiwa kimepita kwenye msuli mwingi unaozuia haja, huweza kutia uzi kwanza, mgonjwa asije akashindwa kujizuia.

Ama anayetokwa na usaha mfululizo, asiache swala. Ajisafishe, afunge kitambaa na atawadhe kila wakati wa swala unapoingia.

Basi mwenye jipu lirudilo mahali pale pale asingoje, wala familia isimcheke. Az-Zahrawi hakuona haya kufundisha tiba yake. Nasi tusione haya kuitafuta hospitalini. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awape wagonjwa wetu shifaa. Amin.