Nikola Tesla na Wahandisi wa Umeme wa Mwanzo



Ukipita Mbagala au Tandale utasikia mashine ya kusaga ikinguruma. Mota inayoizungusha imetokana na fikra za Nikola Tesla, aliyezaliwa mwaka 1856 kijijini Smiljan, ambako leo ni Kroatia. Baba yake, kasisi, alitaka mwanawe naye awe kasisi. Kijana alipougua kipindupindu akakaribia kufa, mzee akamwahidi kuwa akipona atamwacha asomee uhandisi. Mwaka 1875 akaingia chuo cha ufundi cha Graz, lakini aliondoka bila shahada.

Mwaka 1884 alifika Marekani akamfanyia kazi Thomas Edison, kwa miezi michache tu. Mwaka huohuo wahandisi wa umeme wa huko waliunda chama chao, Edison akiwa miongoni mwa makamu wa rais. Fani yenyewe ilikuwa changa, na wengi wao walikuwa watu wa telegrafu. Tesla hakuwa na nafasi kubwa hapo. Wafadhili wake walimtupa, naye akaishia kuchimba mitaro kwa ujira wa kutwa.

Tarehe 16 Mei 1888 chama hicho kilimpa jukwaa mjini New York. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Umeme wa Edison ulikuwa wa mkondo mnyoofu, usioweza kufika mbali bila kupotea njiani. Mkondo geu huongezwa nguvu kwa transfoma, ukasafiri mbali, kisha ukapunguzwa karibu na nyumba, kama zifanyavyo transfoma za TANESCO juu ya nguzo zetu. Kilichokosekana ni mota nzuri ya mkondo huo. Tesla alieleza jinsi mikondo inayopishana inavyozalisha usumaku unaozunguka na kuuburuta mhimili, bila brashi za kulika. Tuseme haki: Galileo Ferraris wa Italia naye alikuwa ameligundua jambo hilo kivyake.

George Westinghouse alinunua hataza zake. Edison aliendelea kuwaonya watu kuwa mkondo geu unaua, lakini mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo kwa njia hiyohiyo.

Wahandisi walimchagua Tesla makamu wa rais wao mwaka 1892. Mwaka 1917 wakamtunukia nishani yao kubwa, na jina lake, ajabu, ni Nishani ya Edison.

Alifariki Januari 1943, peke yake katika chumba cha hoteli New York, akiwa na madeni. Mwaka 1960 kipimo cha nguvu ya usumaku kikaitwa tesla.