MULJIBHAI MADHVANI NA KIWANDA KATIKATI YA SHAMBA

Msafiri atokaye Tanga kwenda Korogwe hufuatana na mistari ya mkonge kulia na kushoto. Zao hilo liliingia nchini mwaka 1893, na reli ikafika Korogwe mwaka 1902. Tangu hapo manamba waliotoka mbali walikata majani na kufunga matita, korona zikakwangua, na singa zikapakiwa melini ili wengine wazisokote kamba ng'ambo. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa. Hata hivyo, mkata mkonge wengi walirudi kwao na kipande kilichojaa na mfuko mtupu. Mtu wa Korogwe au wa Handeni akiuliza ni kwa njia gani mali ya shamba huweza kukaa karibu na shamba, yafaa atazame maisha ya Muljibhai Madhvani wa Uganda, kwani yana mafunzo na yana maonyo.

Muljibhai Prabhudas Madhvani alizaliwa mwaka 1894 karibu na Porbandar, katika jimbo la Gujarat, Bara Hindi. Mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka 14, alivuka bahari akaja Uganda kwa jamaa zake, Vithaldas na Kalidas Haridas, waliokuwa wametangulia kufungua maduka katika nchi ya Busoga. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya dukani. Huko alijifunza kupima, kuhesabu na kununua mazao, na haukupita muda mrefu akakabidhiwa biashara ya Jinja. Kutoka dukani kampuni ile ikaingia katika pamba, ikawa na viwanda vya kuichambua.

Wengi wa wafanya biashara wa siku zile waliridhika na faida ya kununua na kuuza. Madhvani hakuridhika. Mwaka 1918 ilipatikana ardhi ya ekari zipatazo 800 mahali paitwapo Kakira, karibu na Jinja, na mwaka 1930 kiwanda cha sukari kikasimama hapo. Bei za mazao duniani zilikuwa zimeanguka, na wenye fedha walikuwa wakifunga milango yao. Yeye alijenga wakati wenziwe wakiogopa.

Siri ya Kakira haikuwa kubwa. Muwa uliokatwa haungoji, kama vile jani la mkonge lisivyongoja. Basi kinu kiliwekwa katikati ya mashamba, reli nyembamba ikaleta miwa, na makapi yaliyokamuliwa yakawa kuni za kuchemshia maji ya miwa yenyewe. Faida ilirudishwa kununua mitambo mingine. Mbegu za pamba, ambazo mwingine angeziona takataka, zilitoa mafuta, na mafuta yakatoa sabuni. Mwaka 1946 ushirika wa jamaa uligawanywa, na Kakira ikawa ya Madhvani na wanawe. Umeme wa Owen Falls ulipowaka mwaka 1954, Jinja ikawa mji wa viwanda, na mwaka 1957 kiwanda cha bia kikaongezwa katika mali ya nyumba hiyo.

Lakini haki yataka tuitazame mizani upande wa pili. Miwa ile ilikatwa na watu waliotoka West Nile, Rwanda na Burundi, walioacha wake na watoto kwa ajili ya ujira mdogo, sawa na manamba wa mikonge yetu. Na wakulima wa pamba wa Uganda walichoka kuuza pamba yao kwa wenye viwanda kwa bei wasiyoipanga. Mwaka 1949 ghasia zilitokea Buganda, na miongoni mwa madai ilikuwa ruhusa ya kuichambua pamba yao wenyewe. Mwaka 1952 sheria ilivifungulia vyama vya ushirika njia ya kupata viwanda hivyo. Katika shauri hilo Madhvani alikuwa mmoja wa wenye viwanda.

Alifariki dunia mwaka 1958. Wanawe, wakiongozwa na Jayant na Manubhai, waliipanua kazi yake, na katika miaka ya 1960 wakajenga hata kiwanda cha chupa, Kioo, mjini Dar es Salaam. Jayant alifariki mwaka 1971. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia, na Manubhai alifungwa katika gereza la Makindye kabla ya kuondoka nchini. Mitambo ya Kakira ilibaki palepale, na miwa pia, lakini sukari ilipungua mwaka hata mwaka mpaka ikakoma. Jamaa waliporudi mwaka 1985 walikuta kazi ya kuanza upya.

Hapa ndipo pana fundisho. Wakata miwa walikuwa maelfu, bali waliojua kuutengeneza mtambo, kuagiza vipuri na kusoma hesabu walikuwa wachache, na wachache hao walipoondoka elimu iliondoka nao. Nasi tumeonja jambo lenye kufanana na hilo. Mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitwaliwa na umma. Nyuzi za plastiki zilishusha bei, ni kweli, lakini uendeshaji nao ulilegea, na katika miaka ya 1990 mavuno yalikuwa chini ya tani 40,000. Mtambo haujui jina la mwenyewe. Wamjua fundi wake.

Leo wakulima wadogo wa Hale, Ngombezi, Mwelya, Magoma na Magunga wanalima mkonge kwa njia ya vyama vyao, na Handeni, nchi ya mahindi, mkonge umeingia pia mashambani. Kwa hiyo basi, chama kinachotaka kudumu kisihesabu ekari peke yake. Kihesabu vijana wake wangapi waweza kuifungua korona na kuifunga tena, na wanachama wangapi waweza kusoma daftari la mizani bila kusomewa. Madhvani alianza na daftari la dukani akafika kwenye kinu. Kosa la Kakira lilikuwa kwamba aliyeshika panga hakupewa njia ya kulifikia daftari hilo.