Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere: mwalimu aliyeanza shule na miaka 12



Wakati wa kazi ya kichungaji nilipangiwa parokia moja huku Mbagala. Jumamosi tulikuwa na mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Siku moja nikamwomba mtoto wa darasa la nne atusomee mstari mmoja wa Injili. Akashika kitabu, akakiangalia, akanyamaza. Nikadhani ana aibu. Kumbe hajui kusoma, na hakuwa peke yake. Shuleni kwao wanaingia kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana, na darasa moja lina watoto zaidi ya mia.

Nilikasirika, siwafichi. Jioni nikamlalamikia mzee mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo kwamba ni bora watoto wachache wafundishwe vizuri kuliko kujazana hivi. Mzee akacheka. Akaniambia yeye ni mtoto wa UPE, na kwa hesabu yangu mimi, yeye asingesoma kabisa. Nikaenda kulala na hilo, na ndilo lililonirudisha kwenye maisha ya Mwalimu.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Baba alikuwa na wake wengi, na mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wao. Utotoni alichunga mbuzi. Shule ya Mwisenge, Musoma, aliianza mwaka 1934 akiwa na miaka 12, umri ambao leo mtoto anakaribia kumaliza darasa la saba. Wenzake wengi wa kijijini hawakwenda, na si kwamba hawakuwa na akili. Nafasi zilikuwa chache tu, basi. Mwaka 1937 akaingia Shule ya Serikali Tabora, kisha Makerere. Baba yake alifariki mwaka 1942, na Desemba 1943 akabatizwa, akachukua jina Julius.

Alifundisha shule ya misheni ya Mtakatifu Maria, Tabora, kisha akaenda Edinburgh mwaka 1949. Aliporudi alimwoa Maria Gabriel mwaka 1953, akapata kazi ya kufundisha Mtakatifu Fransisko, Pugu. Ukitaka kwenda, panda daladala hadi Gongo la Mboto, halafu unganisha. Yeye, inasimuliwa, mara nyingi alikuja mjini kwa miguu kukutana na wenzake wa siasa, kama kilomita 20 hivi. TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata ikabidi achague kati ya chaki na siasa. Akaacha mshahara huku ana familia changa. Jina la Mwalimu likabaki mpaka leo.

Baada ya Uhuru mwaka 1961 alikuta nchi ambayo watoto wengi hawakuwa na pa kusoma. Hapo ndipo palipo na jambo ambalo sisi Wakatoliki huwa tunalipita haraka. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali yake ilitaifisha shule za misheni. Pugu ile ile aliyofundisha ikawa ya serikali. Mapadre na masista waliojenga kwa jasho waliumia. Lakini tuseme ukweli: shule hizo zilikuwa zimewapa watoto wa Kikristo nafasi kubwa kuliko watoto wa Kiislamu, hasa huku Pwani. Mtu aliyekuwa anaenda Misa ya asubuhi karibu kila siku akachukua shule za Kanisa lake ili mtoto wa jirani Mwislamu naye apate kiti. Mimi bado sina uhakika kwamba njia ile ilikuwa sahihi. Nia yake siitilii shaka.

Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ikafutwa. Novemba 1974, TANU ikikutana Musoma, ikaamuliwa kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Mpango wa awali ulikuwa 1989! Wataalamu wakasema haiwezekani, walimu watatoka wapi? Jibu likawa kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha huku wenyewe wanajifunza, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Wananchi walifyatua matofali, wakajenga madarasa, na mengine yalikuwa chini ya mwembe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto shuleni walikuwa zaidi ya milioni 3, zaidi ya mara mbili ya walivyokuwa mwaka 1974.

Na ubora? Ulishuka. Watu wakatania kwamba UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Vita vya Kagera vikaja, uchumi ukaanguka, vitabu na madawati yakakosekana. Baadaye ada zikarudi, watoto wa maskini wakaanza kubaki nyumbani. Zikafutwa tena mwaka 2001, na tangu Januari 2016 elimu ya msingi ni bila malipo. Ndiyo maana madarasa ya Temeke na Kinondoni yamefurika.

Kwenye falsafa tulibishana sana kuhusu haki ya kugawa kitu kidogo kwa watu wengi. Darasani ni rahisi kusema subiri mpaka mkate utoshe. Ila mtoto wa miaka saba hasubiri, anakua. Mwalimu alikata mkate vipande vidogo, kila mmoja akapata. Kosa lake, kama ni kosa, aliliacha mikononi mwetu tulikamilishe, na mwenyewe alikiri hadharani kwamba serikali yake ilifanya makosa.

Alistaafu urais mwaka 1985 akarudi Butiama kulima. Uzeeni alizitafsiri Injili kwa Kiswahili cha utenzi. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na tangu mwaka 2005 tunamwita Mtumishi wa Mungu.

Yule mtoto wa darasa la nne sasa anasoma silabi. VIWAWA wa parokia wamegawana Jumamosi, kila kijana watoto wanne, saa tatu mpaka saa tano, kwenye ukumbi wa parokia. Bado tunatafuta vijana sita na ubao wa pili.