Mwalimu Tsiolkovsky na Njia ya Nyota

Katika nchi ya Urusi, mwaka 1857, alizaliwa mtoto jina lake Konstantin Tsiolkovsky. Kijiji chao kiliitwa Izhevskoye. Baba yake alifanya kazi ya kulinda misitu, na nyumba yao ilijaa watoto. Konstantin alipenda kukimbia, kupanda miti na kuteleza juu ya barafu.

Alipokaribia miaka 10 akashikwa na homa kali. Homa ikaisha, lakini masikio yake yakabaki mazito, karibu hasikii kitu. Watoto wenzake waliposema, yeye aliona midomo inacheza tu. Walipocheka, hakujua wanacheka nini. Shuleni hakuweza kufuata maneno ya mwalimu, mwisho akaacha shule. Tena alipokuwa na miaka 13 mama yake akafa, yule aliyemfundisha kusoma.

Basi akabaki na vitabu. Kitabu hakina sauti, nacho ni kimoja kwa asikiaye na kwa kiziwi. Baba yake akaona kwamba kijana ana akili, akamtuma Moscow. Konstantin alikuwa na miaka 16. Kila siku alikwenda katika nyumba ya vitabu, akajifundisha hesabu peke yake. Feza kidogo aliyotumiwa na baba yake alinunua vitabu na dawa za kufanyia majaribio. Kwa chakula alinunua mkate mweusi, basi. Dawa zile zilitoboa suruali yake, na watoto wa njiani wakamwuliza kama ni panya walioila.

Baada ya miaka mitatu alirudi kwao, akashinda mtihani wa ualimu. Akafundisha hesabu karibu miaka 40, kwanza Borovsk, halafu, tangu mwaka 1892, katika mji wa Kaluga. Alijitengenezea mrija wa bati, mpana mbele kama tarumbeta. Mtu aliposema naye, aliweka ncha nyembamba sikioni, hivi akasikia kidogo.

Usiku, watu walipolala, mwalimu aliwaza neno moja: je, mtu anaweza kutoka duniani na kuishi mbali, kati ya nyota? Ndege hubebwa na hewa, lakini huko juu hakuna hewa. Ni kitu gani kitakachosukuma chombo? Fikiri mtoto ameketi ndani ya mtumbwi pasipo kasia, akiwa na mawe mengi. Akitupa jiwe kwa nguvu nyuma, mtumbwi unasogea mbele kidogo. Akitupa jingine, unasogea tena. Roketi inafanya vile vile, ila haitupi mawe, inatupa moshi wa moto kwa mwendo mkali sana. Haihitaji hewa ya kuisukuma.

Tsiolkovsky alipiga hesabu yake yote, akaichapisha mwaka 1903. Waliosoma walikuwa wachache, na majirani wengine walimwona mtu wa ajabu tu. Mwaka 1908 mto Oka ulifurika, maji yakaingia nyumbani mwake yakaharibu karatasi zake. Akaanza tena. Mwaka 1929 alionyesha kwamba roketi moja haitoshi. Yafaa kuzifunga nyingi pamoja kama mabehewa ya gari la moshi, na kila iliyomaliza moto wake iachwe ianguke.

Lakini kufika si kuishi. Wengi waliotunga hadithi za safari za nyota waliwaza chombo tu, wakasahau tumbo na pumzi. Mwalimu huyu hakusahau. Mtu akifungiwa ndani ya chumba kisicho na mlango wala dirisha, hewa inaharibika upesi naye anakufa. Kwa hiyo aliandika kwamba wasafiri wachukue bustani. Majani, yakipata mwanga wa jua, yatasafisha hewa waliyoitoa watu, na matunda yake yatakuwa chakula. Uchafu wa watu utakuwa mbolea ya bustani. Tena alitengeneza mashini ya kuzungusha, akaweka mende ndani yake, kiisha kuku, apate kujua kama kiumbe chenye uhai kitavumilia kukandamizwa wakati roketi inapoondoka. Mende walivumilia vizuri kushinda kuku.

Alikufa Kaluga tarehe 19 mwezi wa tisa, mwaka 1935, akiwa na miaka 78. Hakuona hata roketi moja ikifika huko juu. Miaka 22 baadaye Warusi walirusha mwezi wa kwanza uliotengenezwa na watu. Mwaka 1961 Yuri Gagarin aliizunguka dunia, na mwaka 1969 Wamarekani wawili walikanyaga mwezini. Tangu mwaka 2000 watu wanaishi kwa zamu katika nyumba inayoizunguka dunia, na mwaka 2015 walikula mboga waliyoipanda humo.

Katika sayari ya Mars hajafika mtu. Baridi ya huko inapita ya barafu, na hewa yake ni nyepesi mno, tena si ya kuvuta. Mwaka 2021 mashini ndogo ya Wamarekani, iliyopelekwa huko, ilichukua hewa ile mbaya ikatoa ndani yake hewa njema. Mara ya kwanza ilipata gramu 5 hivi, za kumtosha mtu mmoja kwa dakika 10.