Claude Dornier: Jina kubwa halilipi deni

CLAUDE Dornier, mhandisi wa ndege, alizaliwa Kempten, Ujerumani, mwaka 1884. Alianzia kazi kampuni ya Zeppelin mwaka 1910, kisha akawa na kiwanda chake.

Mwaka 1929 aliunda Do X, ndege ya kutua majini yenye injini 12. Ilibeba watu 169, lakini wanunuzi walikuwa haba. Ziliundwa tatu tu.

Baada ya vita aligeukia Do 27, ndege ndogo inayoruka kutoka uwanja mfupi. Ndiyo Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliyotumia kuhesabu wanyama Serengeti. Michael alikufa ikianguka Januari 1959, akazikwa Ngorongoro, kaskazini mwa Mbulu.

Dornier alifariki Desemba 1969. Mwaka 1996 Fairchild ya Marekani ilichukua kiwanda, ikaunda jeti ya abiria 30 hivi. Ikiwa bado inaitafutia soko, ikaanza kwa mikopo nyingine ya abiria 70. Ilifilisika mwaka 2002, jeti hiyo haijaruka hata mara moja.

Mkulima wa Hanang anayetaka kukopa trekta la pili aangalie kwanza kama la kwanza limejilipa.