Herbert Hoover: Mganga Asiyejiganga

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mganga hajigangi. Herbert Hoover, rais wa 31 wa Marekani, aliwalisha mamilioni ya watu wa nchi za kigeni, ila jina lake likasalia katika mabanda ya wenye njaa wa nchi yake mwenyewe.

Hoover alizaliwa tarehe 10 Agosti 1874 katika kijiji cha West Branch, jimboni Iowa, kwa wazazi wa dhehebu la Marafiki. Babake, aliyekuwa mhunzi, alifariki mwaka wa 1880. Mamake akafuata mwaka wa 1884. Yatima huyo alilelewa na mjomba wake huko Oregon, akasomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha Stanford, kisha akatajirika kwa uhandisi wa migodi.

Vita vilipozuka mwaka wa 1914, alisimamia shirika lililowapelekea chakula raia wa Ubelgiji, nchi iliyokuwa imetekwa na Wajerumani. Baadaye aliongoza misaada kwa Warusi waliokumbwa na baa la njaa la 1921. Sifa hizo zilichangia kumfikisha Ikulu mnamo Machi 1929.

Miezi saba baadaye, soko la hisa la New York liliporomoka. Si haki kudai kwamba Hoover alifumba macho. Aliongeza ujenzi wa umma, na mwaka wa 1932 akaidhinisha shirika la kuzikopesha benki na kampuni za reli. Hata hivyo, alishikilia kuwa serikali kuu ikimpa maskini msaada moja kwa moja, itauua moyo wake wa kujitegemea. Jukumu hilo aliwaachia majimbo, makanisa na wahisani, ambao hazina zao zilikuwa zikikauka. Alipokubali kuyakopesha majimbo dola milioni 300 mnamo Julai 1932, maji yalikuwa yamezidi unga. Waliokosa makao walikuwa wamejenga vitongoji vya mabanda, wakaviita Hooverville. Mwezi uo huo, jeshi liliwafurusha kutoka Washington askari wa zamani waliodai malipo yao, na kambi zao zikateketezwa.

Novemba 1932, Franklin Roosevelt alimbwaga. Hoover aliambulia majimbo 6 kati ya 48. Aliaga dunia tarehe 20 Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 90.

Kinaya cha maisha yake ni kwamba chakula cha Ubelgiji kilinunuliwa, kwa sehemu kubwa, kwa fedha za serikali. Dawa aliijua na mkononi alikuwa nayo. Wagonjwa walipokuwa wa nyumbani kwake, alihofia kuwapa.