Maria Goeppert Mayer: Aliyefumbua siri ya kiini cha atomu akifanya kazi bila mshahara

MARIA Goeppert Mayer alipata shahada ya uzamifu mnamo 1930. Ilimbidi angoje hadi 1960 ndipo apewe uprofesa wenye mshahara kamili. Ni katika miaka hiyo 30 ya kusubiri ambapo alifanya kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel.

Alizaliwa Juni 28, 1906, mjini Kattowitz, uliokuwa Ujerumani wakati huo na ambao leo ni Katowice, nchini Poland. Babaye, daktari wa watoto, aliihamishia familia Göttingen alipopata uprofesa huko. Chuoni, Maria alianza na hisabati kabla ya kuvutwa na fizikia chini ya mwalimu wake, Max Born. Katika tasnifu yake alikokotoa kwamba atomu yaweza kumeza chembe mbili za mwanga kwa mpigo mmoja. Hapakuwa na taa yenye nguvu ya kulithibitisha jambo hilo. Leza ilipovumbuliwa, watafiti wa Marekani walilishuhudia mnamo 1961.

Aliolewa na mwanakemia Mmarekani, Joseph Mayer, wakahamia Baltimore. Mumewe aliajiriwa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Yeye, kwa sababu ya kanuni zilizozuia mume na mke kuajiriwa pamoja, akaambulia kijichumba na ujira wa kubahatisha. Hata walipofika Chicago mnamo 1946, chuo kikuu kilimpa cheo bila malipo. Riziki yake ilitoka Maabara ya Argonne, alikofanya kazi nusu siku.

Hapo ndipo alipokabiliana na fumbo. Viini vyenye protoni au nyutroni 2, 8, 20, 28, 50 au 82, na vyenye nyutroni 126, vilikuwa imara kuliko majirani zao, na hakuna aliyejua sababu. Baadhi ya wanafizikia waliziita nambari za uchawi, pengine kwa kejeli. Siku moja Enrico Fermi, akielekea kutoka ofisini, alimuuliza iwapo mzunguko wa chembe ndani ya kiini unahusiana na jinsi chembe hiyo inavyojizungusha yenyewe. Maria alilitambua jibu papo hapo. Alipenda kulieleza kwa mfano wa wacheza dansi wanaozunguka ukumbi huku kila mmoja akijipindua: kuna upande ulio mwepesi zaidi kugeukia.

Alichapisha maelezo hayo mnamo 1949. Hans Jensen na wenzake nchini Ujerumani walikuwa wamefikia jibu lilo hilo. Badala ya kugombania sifa, Maria na Jensen waliandika kitabu pamoja, kikatoka mnamo 1955.

Alipatwa na kiharusi mara tu alipofika San Diego mnamo 1960, lakini hakuacha utafiti. Mnamo 1963 alikuwa mwanamke wa pili, baada ya Marie Curie, kutuzwa Nobel ya Fizikia. Alifariki Februari 20, 1972. Mwanamke wa tatu, Donna Strickland, alituzwa mnamo 2018 kwa kazi ya leza.

Na ni leza hiyo hiyo inayozipima nambari za Maria. Katika kituo cha ISOLDE cha maabara ya CERN, karibu na Geneva, watafiti huunda atomu adimu zisizodumu na kuzimulika. Rangi ya mwanga zinaoumeza hubadilika kidogo mno kulingana na ukubwa wa kiini. Viini vya risasi huanza kutanuka kwa kasi zaidi vikishavuka nyutroni 126, kama ambavyo ungetarajia pale ukumbi mmoja unapojaa na mwingine kufunguliwa. Lakini mnamo 2016 kalisi yenye nyutroni 32, nambari iliyodhaniwa kuwa ya uchawi pia, ilipatikana na kiini kikubwa kuliko nadharia zilivyotabiri.